Cheti Chetu si cha Kuazimwa

Tangu chama chetu cha ushonaji kipate cheti cha AGPO, akina mama wenzetu hutuuliza, darsani na harusini, ni mkubwa gani aliyetushika mkono. Hakuna. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 yawatengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya manunuzi ya serikali. Hiyo ni haki, wala si fadhila ya mheshimiwa yeyote.

Tulitakiwa vitambulisho, cheti cha usajili, PIN ya KRA na cheti cha kutimiza kodi. Kuomba AGPO ni bure. Atakayewadai “ya chai”, mwepukeni. Kilichotutoa jasho ni kodi, kwani mwenye PIN hupaswa kuwasilisha ritani kabla ya Juni kwisha, hata kama mwaka mzima hakuuza kitambaa.

Tena sheria yataka angalau asilimia 70 ya wanachama wawe wanawake, na uongozi wote uwe mikononi mwao. Hapo ndipo mtihani ulipotukuta. Mwanakandarasi mmoja alitujia kwa adabu zote, na halua mkononi, akiomba azimwe cheti chetu: yeye afanye kazi, sisi tutie saini na kupokea kifuta jasho. Karo za shule zilikuwa zimekaribia, na baadhi yetu walinyamaza kimya kirefu. Lakini saini ni ushahidi. Mali ikiwa mbovu au kodi isipolipwa, watakaotafutwa ni sisi, na fungu lililotengewa mama mjane limeliwa na asiyestahiki. Tulimshukuru kwa halua.

Limebaki suala la mtaji. Ukipewa LPO, wanunua vitambaa kwanza, kisha wangoja malipo, na serikali haina haraka. Mikopo ya kugharimia LPO ipo, ila yenye riba hatuigusi. Tuliuliza benki ya Kiislamu kuhusu murabaha: benki hununua vitambaa, ikavimiliki, kisha ikatuuzia kwa faida inayojulikana, tukalipa kwa awamu. Deni hilo nalo lina tarehe zake, hata hazina ikichelewa. Kwa hivyo twaomba zabuni ndogo za sare na mashuka, zile ambazo mchango wetu waweza kuzibeba miezi kadhaa. Kubwa twaziacha zipite.