Minazi Haimo Kwenye Hati

Miaka ya themanini nilikuwa karani wa wakili mmoja Malindi, na faili nyingi nilizobeba zilikuwa za Waitaliano. Mji ulishawazoea. Wa kwanza walikuja na kituo cha kurushia roketi cha San Marco, kilichojengwa Ngomeni miaka ya sitini. Waliofuata hawakuwa na haja ya roketi, walitaka nyumba ya makuti inayotazama bahari. Madalali wetu wa ufuoni Kitaliano walikijua kuliko Kiingereza.

Ploti ya mjini haikutusumbua. Nilipanda basi alfajiri kwenda Mombasa, nikavuka Kilifi kwa feri, maana daraja lilifunguliwa 1991. Kwa msajili wa ardhi nilifanya sachi: hati ni ya nani, ina rehani au zuio, ni ya milele au ni lisi ya miaka 99. Kisha amana, vyeti vya kodi, ushuru wa stempu. Safari ndefu, lakini njia yake ilijulikana.

Kasheshe ilikuwa nje ya mji. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 ilikataza ardhi ya kilimo kuuzwa kwa asiye raia, ila kwa msamaha wa Rais. Kufungua kampuni hakukusaidia: mwanahisa mmoja mgeni alitosha kuiharibu. Na mauziano yasiyo na kibali cha bodi ya ardhi yalikuwa batili. Uliyemlipa ungemdai kama mdeni wako, basi. Wakili aliwaeleza wateja haya yote, nao wakaitikia kwa kichwa huku macho yako kwenye picha ya ufuo.

Namkumbuka bwana mmoja na mkewe, waliotaka kipande karibu na Mambrui. Walipofika ofisini kwetu dalali alikuwa ameshawalipisha sehemu kubwa ya bei, pesa taslimu. Tukaenda na mpimaji kutafuta bikoni. Zote zilikuwepo. Alikuwepo pia mzee wa Kigiriama, amekaa chini ya minazi.

"Mwanangu, huyu mgeni kauziwa na nani?"

Nikamtaja mwenye hati, mtu wa Mombasa.

"Namjua. Ardhi ni yake, karatasi anayo. Lakini minazi hii nilipanda mimi, na huyo mwenye karatasi hajapata kuimwagilia hata kata moja. Nayo kaiuza?"

Sikuwa na jibu. Kwetu Pwani mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Hata nyumba: nenda Majengo, Mombasa, utakuta mtu amejenga juu ya kiwanja cha mwenzake na kulipa kodi ya kiwanja tu. Sachi yangu ilikuwa safi kabisa, na haikumtaja mzee huyu popote.

Nikamfasiria yule bwana. Akauliza mzee anataka kiasi gani. Mkewe akauliza swali ambalo kwa maoni yangu lilistahili kuulizwa kwanza: akiondoka, ataenda wapi?

Kibali hakikupatikana. Muuzaji akadai pesa zimekwisha. Hata zingerudi, ziliingia nchini kwa mkoba bila kupitia benki, na enzi hizo za udhibiti wa fedha za kigeni, sheria iliyofutwa 1995, kuzitoa tena kihalali kungekuwa shida nyingine. Wakarudi kwao. Mzee akabaki na minazi yake.

Wakili nilimheshimu, mwenye hati sikumlaumu sana. Dalali ndiye aliyejua kila kitu na kunyamaza, tena alikuwa mwenzetu wa mtaani.

Tangu Katiba ya 2010, ibara ya 65, asiye raia hapati ardhi yoyote Kenya ila kwa lisi isiyozidi miaka 99. Hata aliyekuwa na hati ya milele, yake iligeuzwa kuwa lisi. Hilo wakili yeyote atakwambia. Nawe kijana unayemtafutia mgeni kiwanja leo, kabla hajatoa hata senti, mpeleke akaonane na wanaoishi pale.