Kizazi Kilichochoma CD

Vijana hupenda kutuuliza wazee tulikuwa tunafanya nini na kompyuta kabla intaneti haijaingia mifukoni. Tulikuwa tunachoma CD. Harusi, mawaidha, kaswida, nyimbo za kwaya, vyote vilipita kwenye kile kisinia chembamba kinachochomoza ubavuni mwa kompyuta mpakato. Na kwa kuwa mara nyingi vilikwamia humo, kazi ile ilitufunza jambo ambalo ningependa tuwarithishe: kutafuta sababu kabla ya kurudia.

CD ya kuchoma mara moja haina msamaha. Inabeba megabaiti 700, yaani dakika 80 za muziki. Mwale wa leza huandika kwenye tabaka jembamba la rangi, kuanzia katikati kwenda ukingoni, na palipoungua hapafutiki. Kazi ikikatika, hela imeteketea. Kwa hiyo mwenye busara alipoona kosa hakukimbilia diski nyingine, alikaa akapeleleza.

Kwanza alitazama imekwamia wapi. Ikigoma mwanzoni kabisa, mara nyingi ni leza iliyoshindwa kujipima. Kabla ya kuandika, draivu hujaribu nguvu ya mwale wake kwenye ukanda mdogo karibu na tundu la katikati. Lenzi ikiwa na vumbi, au diski ikiwa hafifu, kipimo hakikubali. Ikikatika njiani, lawama huihamia kompyuta: imelemewa, data haifiki kwa kasi inayotakiwa, mwale unakosa cha kuandika. Draivu zenye kinga ya kusimama na kuendelea zilianza kuuzwa mwaka 2000, lakini mashine kuukuu hazikuwa nayo. Hapo dawa ni kufunga programu nyingine zote, kuchomeka chaja na kupunguza kasi. Na ikimalizika salama kisha deki ya sebuleni ikaikataa, huenda diski haikufungwa mwishoni, au nyimbo zimechomwa kama mafaili ya kompyuta, lugha isiyoeleweka na deki ya zamani.

Kanuni ilikuwa kubadilisha kitu kimoja, kujaribu, kisha kutazama. Ukibadilisha diski, kasi na programu kwa mkupuo, hata ikikubali hujui kilichoiponya, na kesho ikigoma tena huna pa kuanzia.

Sisemi tulikuwa na akili kuliko nyinyi. Tulilazimishwa na bei ya diski. Nyinyi mmekulia kwenye vifaa vinavyosema tu "jaribu tena", wala havisemi kilichoharibika. Kidole kinabonyeza, mambo yanakubali, mnasonga mbele. Huo si uvivu. Mtu hawezi kuchunguza asichoonyeshwa. Ila siku kubonyeza kutakapogoma kuleta jibu, uchunguzi ule mtauhitaji.

Na siku hiyo imekaribia, kwa sababu diski zetu zinakufa. Rangi ile hufifia kwa joto na jua. Watu huogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa, kumbe kwenye CD upande wa maandishi ndio dhaifu zaidi: tabaka linaloakisi mwanga limefunikwa na vanishi nyembamba tu, na ncha ngumu ya kalamu inatosha kulijeruhi. Ukiona tundu dogo linalopitisha mwanga unapoinua diski dhidi ya taa, hapo data imeshatoka. Wakati huohuo kompyuta mpya zimeacha kuwa na kisinia; MacBook Air ilikiacha tangu 2008.

Kwa hiyo tafuteni draivu ya nje, ya kuchomeka kwa USB. Ikiwa waya wake una vichwa viwili, chomekeni vyote, kwa kuwa tundu moja la USB ya zamani hutoa miliampia 500 tu, na mota huweza kukosa nguvu. Hamisheni picha, wekeni nakala mahali pawili. Sisi tutakaa kando yenu tuwatajie majina: yule aliyeshika mwamvuli ni nani, nyumba ile ilikuwa ya nani. Nyinyi mna vifaa, sisi tuna majina, na majina hayamo ndani ya diski.

Anzeni na harusi za wazazi wenu. Diski ikigoma kusomeka, msiitupe wala msibonyeze tena. Ipanguseni kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha ijaribuni kwenye draivu nyingine.