Shuka Nyeupe za Shiro Meda

Akina mama wenzetu, mkifika Addis Ababa msikimbilie maduka ya hotelini. Sisi tulikwenda Shiro Meda, soko lililo chini ya mlima Entoto, kutafuta magauni meupe ya Kihabeshi. Tulikuwa wanne, na fedha yetu ilikuwa ya kuhesabu.

Gauni la kwanza lilitupendeza kwa bei. Tulipoligeuza ndani tukakuta urembo umechapwa tu kiwandani. La kufumwa kwa mkono utalijua kwa kuligusa: pamba yake ni nyepesi, na nakshi ya pindoni, iitwayo tibeb, imefumwa ndani ya kitambaa chenyewe. Wafumaji wengi ni wanaume wa Kidorze kutoka kusini, kazi ya kukaa kutwa kwenye kitanda cha mfumi. Tulipolijua hilo tuliona haya kuendelea kubishania bei.

Kisha mwenzetu mmoja akajitanda netela, ile shuka nyepesi ya mabegani, pindo la rangi likamzunguka uso. Muuzaji akanyamaza, halafu akauliza kwa upole amefiwa na nani. Kumbe ndivyo wanavyojitanda wafiwa!

Tukatazamana. Mwenzetu alikuwa amemzika mumewe miezi mitano nyuma, na tangu tuondoke nyumbani hakuna aliyethubutu kumtaja marehemu. Hata sisi wauguzi, tuliozoea wodi.

Akamjibu yule mama. Wakaketi wakaongea, nusu kwa ishara. Netela aliinunua. Sisi tulichukua mizigo yake, tukamsubiri nje.