Majani ya Choya, Masika ya 2024

Chamazi, Dar es Salaam, Jumamosi, 9 Machi 2024

Mvua ya usiku imelainisha udongo vizuri. Asubuhi nimepita nyuma kwa jirani yetu kijana, yule anayeuza juisi ya choya kituoni, nikamkuta ameinama kwenye matuta yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naona miche imebanana."

Alikuwa anaipunguza. Anaing'oa mmoja mmoja, anaacha nafasi ya hatua moja, na inayong'olewa anairusha kwenye shimo la taka. Nikamwomba asitupe. Akaniangalia, akacheka, akanijazia beseni.

Kwake choya ni vile vikonyo vyekundu vya ua, vinavyokaushwa, vikachemshwa na tangawizi na kutiwa sukari. Wengi huku tunaijua kwenye chupa tu, imetoka kwenye barafu. Lakini mmea huu ni wa ukoo mmoja na bamia, pamba na hata mbuyu, na watu wengi duniani wanaula jani lake: Kongo wanalipika na samaki na mawese, Senegal linakwenda na wali wa samaki, na Wahindi wa Andhra Pradesh wanalipika na dengu na kulitengenezea achari. Hapa kwetu tunalo mlangoni tunalitupa. Hilo linaniuma kweli.

Nimetafuna jani moja pale pale. Ukali wake unaanza pembeni mwa ulimi, mate yanajaa, halafu kuna ukakasi mwepesi unaobaki kwenye fizi. Shina ni jekundu kama limechovywa kwenye divai, na jani changa ni la mviringo. Likikomaa ndipo linapochanika vidole vitatu au vitano.

Jumapili, 17 Machi

Ramadhani imeingia tangu Jumanne. Leo futari nimeweka supu ya choya baada ya tende na uji. Tumbo lililoshinda tupu halitaki ukali wa ghafla, kwa hiyo uji unatangulia.

Niandike nilivyopika, nisije nikaulizwa nikababaika.

Majani nimeyachambua, mashina magumu nimeyatoa, nimeosha maji matatu kwa sababu mchanga wa masika unaruka mpaka juu ya jani. Nimeyachemsha kidogo kwenye maji mengi, nikayamwaga yale maji. Jani hili lina asidi ya oksaliki, na sehemu yake inatoka na maji ya kwanza. Ukali uliopitiliza nao unapungua. Mwenye matatizo ya mawe ya figo asile beseni zima.

Ng'onda nimemloweka tangu adhuhuri, nikamchambua miba. Kitunguu kwenye mafuta, kitunguu saumu, nyanya moja tu kwa sababu choya yenyewe ina ukali wa kutosha, kisha samaki, maji, majani. Dakika chache majani yanalegea na kuacha utelezi kidogo, ule wa jamaa zake bamia. Pilipili mbuzi nimeiacha ielee juu nzima, bila kuitoboa. Inatoa harufu, haitoi moto.

Nimepikia chungu. Sufuria ya aluminiamu na vitu vikali havipatani: asidi inakula bati lake na supu inapata ladha ya chuma. Asiye na chungu atumie sufuria ya chuma kisichoshika kutu.

Watoto walikunja uso kijiko cha kwanza. Cha pili wakaomba ugali.

Jumapili, 24 Machi

Leo nimeipika na kunde. Hapa pana siri ambayo mpishi lazima aishike: vitu vikali vinazuia kunde na maharage kulainika. Ukitia choya mapema, kunde inabaki ngumu hata ukimaliza gunia la mkaa. Kwa hiyo kunde kwanza, peke yake, mpaka ukiibonyeza kwa vidole inapondeka. Ndipo jani linapoingia.

Na tui mwisho kabisa. Tui jepesi limepikia kunde. Tui zito nimelitia baada ya kushusha moto, huku nakoroga upande mmoja bila kuacha. Ukali na moto mkali vikikutana juu ya tui, linakatika: mafuta yanaelea juu, chini yanabaki maji yenye chengachenga. Likikorogwa polepole linabaki jeupe, zito, na ukali unazunguka ndani yake kwa upole.

Kunde, jani, tui. Kila kimoja na zamu yake. Nimemwambia binti yangu aandike mwenyewe kwa mkono wake kwenye daftari lake.

Jumapili, 14 Aprili

Idd imepita Jumatano kwa amani. Mvua haziachi. Rufiji maji yamefunika mashamba na nyumba, na kila tukiwasha redio tunasikia habari za Mohoro, huko huko Rufiji. Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi.

Huku mboga zimepanda bei. Mama wa mboga anayepita kwa mguu asubuhi amepunguza fungu la mchicha, bei ni ile ile ya sh. 500. Anasema bustani za mabondeni zimezama. Sikubishana naye, anabeba kichwani kutoka mbali, na mvua inampiga yeye kabla ya kumpiga mtu mwingine.

Choya ya kijana wetu imesimama juu ya tuta, imefika magotini. Haikuoza. Nimemwomba nichume ncha. Akasita.

"Mama, ukikata kichwa si utanipunguzia maua?"

Nikamweleza kwamba ni kinyume chake. Shina la choya likiachwa linakwenda juu moja kwa moja. Ukikata ncha ikiwa bado changa, macho ya pembeni yanaamka na kutoa matawi, na vikonyo vinakaa kwenye matawi hayo. Maua yenyewe hayaji sasa hata akisali. Mmea huu unasubiri siku zifupike, yaani mpaka tukaribie Juni. Kati ya sasa na wakati huo una kazi moja tu, kutoa majani.

Tumekubaliana hivi: mstari mmoja nichume ncha, mstari wa pili usiguswe, tuone.

Ijumaa, 26 Aprili

Miaka 60 ya Muungano. Sherehe ziko Uwanja wa Uhuru, kwa hiyo nimetoka mapema kabla barabara hazijasongamana. Nimeunga magari mpaka Bunju kwa shangazi, na mfuko wa majani ya choya nimeupakata.

Shangazi ni mtu wa matembele. Anayapika kwa kitunguu na nyanya, mwisho anakamulia ndimu, na sijaonja matembele yanayoyashinda ya kwake. Alipoona choya akasema, "Mwanangu, hili jani lina ndimu yake ndani," akavuta ubao wake wa kukatia.

Kitu kimoja tulibishana. Kwenye kisamvu yeye hutia magadi kidogo, kilainike upesi, na alitaka kufanya vivyo hivyo. Nikamwomba tujaribu kwenye bakuli la pembeni. Magadi yalipogusa maji ya choya povu likapanda mpaka ukingoni, na lilipotulia ukali ulikuwa umekwenda wote. Magadi na asidi vimemalizana. Isitoshe, magadi yanaharibu vitamini C, na vitamini C ndiyo inayousaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye kunde na majani. Shangazi alionja bakuli lile, akalisukuma pembeni. "Basi, weka magadi yako mbali."

Rangi ndiyo iliyomsumbua. Majani yaliingia mabichi ya kijani, yakatoka ya rangi ya zeituni, karibu na kahawia. Nikamwambia ni asidi hiyo hiyo: inaitoa magnesiamu iliyoko ndani ya klorofili, na kijani inakufa. Hakuna uchafu na hakuna kuungua. Anayetaka kijani apike mchicha.

Bintiye, aliyesoma udaktari Kharkiv, Ukraine, miaka ya nyuma, alipoonja alinyamaza, kisha akaanza kusimulia. Kule majira ya baridi yakiisha, mojawapo ya majani ya kwanza kuchomoza bustanini ni jani kali wanaloliita shchavel, na kila nyumba inapika supu yake ya kijani: viazi ulaya, jani likatiwa mwishoni, yai la kuchemsha limekatwa nusu, na juu kijiko cha malai iliyochachushwa. Wenye nyumba aliyopanga walimpa sahani siku ambayo theluji ilikuwa inayeyuka barabarani. Alisema watu walikula kama wanaosherehekea kitu.

Nilipenda ile malai. Kalsiamu ya maziwa inashikana na oksaliki tumboni, kwa hiyo kiasi kinachoingia mwilini kinapungua. Watu wa kule walifika hapo kwa ulimi wao, kabla ya maabara. Na sisi tukipika choya na dagaa wazima, mifupa yake midogo tunaitafuna, kalsiamu imo.

Tumezungumza pia habari za watu wa Kharkiv sasa, chini ya mabomu. Alifuta macho. Tumewaombea.

Jumapili, 5 Mei

Tangu juzi Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatahadharisha juu ya Kimbunga Hidaya. Boti za Zanzibar zilisimama. Jana kimeingia Mafia, na usiku tukaambiwa kimepoteza nguvu. Huku Chamazi tumepata upepo, mvua, na mabati yaliyopiga kelele. Hakuna aliyeumia mtaani kwetu, alhamdulillahi.

Wavuvi hawakutoka, kwa hiyo hakuna samaki wa soko la Feri na hata kibua hakuna. Nimetwanga karanga.

Supu ya choya na karanga ni nzito na inashibisha. Karanga nimezikaanga kidogo tu, nikazipeta maganda, nikazitwanga kwenye kinu mpaka zikaanza kutoa mafuta. Nimezikorogea kwenye maji ya uvuguvugu kwanza ili zisishikane madonge, kisha nimemimina juu ya majani yaliyoiva. Hapa moto uwe mdogo na mwiko usipumzike, karanga zinapenda kushika chini. Ukiona mafuta yanajitokeza juu, ipua.

Jirani yangu wa Ujiji amekuja kujikinga na mvua akaonja. Kwao supu ya namna hii ingetiwa mawese, akaenda kuleta chupa yake. Tumemimina kijiko kwenye bakuli lake. Mawese yana uzito wake na harufu yake inayokaribia moshi, na ukali wa jani unayakata yasikinaishe. Nimekubali kwa moyo wote. Wiki ijayo namfuata jikoni kwake, anifundishe na mgebuka mkavu.

Jumapili, 19 Mei

Tumesimama mimi na kijana kati ya mistari miwili. Ule usioguswa umekwenda juu, mashina membamba, mengine yamelala kwa upepo wa Hidaya na amelazimika kuyafungia miti. Ule niliochuma ncha ni mfupi, umetanuka, kila shina limegawanyika matawi kadhaa, na hakuna lililolala.

Hakusema kitu. Alichukua kisu akaanza kukata ncha za mstari wa pili.

"Umechelewa kidogo," nikamwambia, "ila bado."

Jioni alikuja na fungu la majani amelifunga kwa ukambaa. Kuna kina mama wanne pale kituoni wameulizia. Anauliza auze shilingi ngapi. Nimemwambia aanze na bei ya fungu la mchicha, na kila anayenunua amwambie mambo matatu: mwaga maji ya kwanza, usipikie aluminiamu, tui au karanga mwisho. Mtu akipika mara ya kwanza kikamharibikia, harudi tena.

Jumamosi, 22 Juni

Kipupwe kimeshika, asubuhi tunajifunika khanga mbili. Ua la kwanza limefunguka: la manjano hafifu, na katikati jicho jekundu la damu ya mzee. Mchana lilikuwa limeshasinyaa. Chini yake kikonyo kimeanza kunenepa.

Majani sasa yamekuwa magumu na machache. Nilichochuma mwisho nimekianika kivulini juu ya ungo, kimekauka na kuvunjikavunjika. Kitalowekwa kiangazi, kitaungwa na kunde. Ladha haitakuwa ile ya masika, lakini itakuwepo.

Kijana amehesabu matawi kwa kidole, ameridhika. Mwakani anataka kupanda tuta moja zaidi, na la pembeni kabisa liwe la majani peke yake, likatwe kila mara lisipewe nafasi ya kuwaza maua. Nimempa eneo la nyuma ya choo cha zamani ambako jua linafika mapema. Sichukui kodi. Nachukua fungu la Ijumaa.

Hili ndilo ninaloliamini na nitalirudia kwa yeyote atakayeniuliza: mmea huu unalisha nyumba mara mbili. Masika unatoa mboga, wakati mchicha umezama mabondeni na bei imepanda. Kipupwe unatoa kinywaji na fedha. Anayekula jani hamwibii anayesubiri ua, bali anamsaidia. Mbegu za mwakani nitazikusanya mwenyewe kutoka kwenye mstari ule mfupi, nizigawe kwa shangazi Bunju, kwa jirani wa Ujiji, na kwa mama wa mboga, ili naye awe na kitu cha kuuza mvua zikijaa.