Nchiru, Ambako Kipimo Hubisha Hodi

Msafiri wa Nchiru huondoka Mombasa jioni akiwa na leso ya kufutia jasho, akaamkia baridi ya kutafuta sweta. Baada ya Embu barabara hujipinda ikishuka na kupanda mabonde ya mito. Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu hupita katikati ya chai na migomba. Kutoka mji wa Meru ni kilomita 15 hivi kwa barabara ya Maua, na milima ya Nyambene imesimama mbele. Kituo chenyewe ni kidogo. Kilichokikuza ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake mwaka 2013, na ndicho kiwafikishacho huko baadhi ya wazazi wetu wa pwani wakiwasindikiza vijana wao.

Lililonivutia zaidi, hata hivyo, lilikuwa nje ya lango la chuo. Asubuhi, katika nyumba tuliyokaribishwa, alibisha hodi mama mmoja mwenye mkoba mgongoni. Alikuwa mhudumu wa afya wa jamii, mmoja wa wale 100,000 ambao mpango wao ulizinduliwa na serikali Septemba 2023. Kila mmoja hukabidhiwa nyumba kama 100 za jirani zake. Mkobani mna mashine ya kupimia presha, kidude cha kupimia sukari, na mizani.

Mwenyeji wetu alifungwa mkanda mkononi. Mashine ikasoma 168 kwa 102.

“Mama, zile dawa zimekwisha au umeziacha?”

“Niliziacha. Sikuwa naumwa mahali.”

“Presha haiumi, mama. Ndiyo maana twaipima.”

Hakumkaripia. Alimuuliza chumvi hutiwa mara ngapi, akajibiwa, “Jikoni tu”. Binti wa nyumba akacheka akitazama kikopo cha chumvi mezani. Ndipo akaeleza kwamba chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na vitafunio. Akamwandikia karatasi ya kwenda zahanati siku ileile.

Nimehudhuria mihadhara mingi ya afya kumbini, yenye vipaza sauti na soda baridi (soda, katika mhadhara wa kisukari!), na sijaona uliofanya kazi kama yale mazungumzo ya barazani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana shinikizo la damu, na zaidi ya nusu hawajawahi kulipima. Mtu asiyejua hali yake hawezi kufuata mhadhara.

Vyakula vya huko, githeri, ndizi mbichi, viazi, mboga za majani, si vibaya kwa moyo. Taabu ni mafuta, chumvi, na chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Nasi wa pwani tuna mahamri, kaimati, viazi karai na wali wa nazi, na harusi zetu hazina mwisho. Wao angalau hupanda vilima kwenda shambani.

Jambo jingine latuunganisha nao. Miraa ya Igembe na Tigania, na muguka wa Embu, vyote huteremka hadi vijiweni petu. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha amri hiyo, na kelele zikawa nyingi pande zote. Katika kelele hizo halikusikika sana hili: majani hayo hupandisha presha na kuuendesha moyo mbio, na mtafunaji huteremshia kwa soda na kukesha bila chakula. Mke ndiye anayeweza kuligundua mapema, endapo mume atakubali mkanda mkononi.

Kwa mwenye kisukari anayenuia kufunga Ramadhani, madaktari hushauri aonane nao wiki sita hadi nane kabla, ili dawa zipangwe upya baina ya futari na daku. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.6, ashauriwa kufungua papo hapo. Ruhusa ya mgonjwa imo katika dini yetu, na kujidunga kidole kwa ajili ya kipimo, kwa kauli ya wanavyuoni wengi, hakubatilishi saumu.