Uzi wa Mtoto

Kwetu mtoto akizaliwa, watu wanaleta sabuni, kitenge cha kumbebea, na uzi mweusi. Mtoto wa dada alipotimiza wiki moja hapa Nyarugusu, uzi nilisokota mimi. Mama yetu alinielekeza: nyuzi tatu, mafundo saba, ufungwe kiunoni, si shingoni, usije ukamkaba. Shanga niliacha, maana mtoto anaweza kuzimeza. Wazee wanasema uzi huo unafukuza ndoto mbaya.

Sasa mtoto wa wiki moja ataota vita gani? Anayeshtuka usiku ni dada. Tulipokimbia Fizi mimi nilibebwa mgongoni. Yeye alitembea, na aliona. Siku hizi akishtuka, anaupapasa ule uzi gizani, anahesabu mafundo, halafu usingizi unarudi.

Ninyi wenzetu wa kliniki, mtoto akifika miezi 6 mnampima mkono kwa utepe: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Bibi zetu wanapima kwa uzi: ukilegea, mtoto anakonda. Malaria tunajua ni kazi ya chandarua na dawa. Ila mkiuona uzi, msiukate kabla hamjamuuliza mama analalaje.