Glasi ya Baba
Krismasi iliyopita ilikuwa ya kwanza tangu Baba aache pombe. Baada ya misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, hapa Kator, wageni walifika nyumbani na chupa zao. Niliogopa.

Nikachemsha maji, nikayaacha yapoe kidogo, maana yanayotokota huifanya chai ya kijani iwe chungu. Nililoweka majani dakika 2, nikachuja. Nikaongeza sukari na maziwa ya unga niliyoyakoroga mazito, kisha barafu, nikatikisa ndani ya chupa mpaka povu likajaa.

Nikammiminia Baba katika glasi kama za wageni.

"Umemwekea nini humo?" Mjomba akauliza.

"Chai ya mwanangu," Baba akajibu, akasogeza glasi niijaze tena.